Kipandikizi Bila Daftari

Mwaka 1996 daktari wa Sweden, Ulf Ulmsten, na wenzake walichapisha maelezo ya upasuaji mfupi wa kumtibu mwanamke anayevuja mkojo akikohoa, akicheka au akinyanyua ndoo. Utepe mwembamba wa polipropilini, yaani plastiki iliyofumwa kama wavu, hupitishwa ukeni na kuwekwa chini ya mrija wa mkojo ili kuushikilia pale tumbo linapokaza. Kabla yake, tegemeo kubwa lilikuwa upasuaji wa Burch wa mwaka 1961, ambao kwa kawaida huhitaji kupasua tumbo. Utepe ulienea haraka, na si kwa hadaa: baadhi ya wanawake wa mwanzo walifuatiliwa kwa miaka 17, na zaidi ya tisa katika kila kumi waliopimwa walikuwa bado wakavu. Nazitaja sifa hizo mapema kwa sababu msomaji wa toleo hili atakutana na shutuma nyingi, nami sitaki adhani utepe ulikuwa utapeli. Uliwaponya wengi. Wengine uliwaumiza vibaya, na maumivu yao yalichukua miaka mingi kusikilizwa kwa sababu hakuna aliyekuwa na daftari la waliowekewa.

Tazama utepe ulivyoingia sokoni Marekani. Sheria ya huko iliruhusu kifaa kipya kuuzwa bila majaribio marefu kwa wagonjwa, mradi mtengenezaji aonyeshe kwamba kinafanana na kingine kilichokwisha kubaliwa. Mwaka 1998 utepe huo, uliouzwa kwa jina la TVT, ulipita kwa kufananishwa na kifaa kilichoitwa ProteGen. Mwaka uliofuata ProteGen yenyewe ikaondolewa sokoni kwa madhara yake. Mzizi uling'olewa, matawi yakaachwa yachipue: TVT ilibaki, na tepe nyingine zikaja nyuma yake. Utaratibu wa namna hiyo unaweza kuvumilika iwapo kila anayewekewa kifaa anaandikwa na kufuatiliwa, maana maisha ya wagonjwa ndiyo yanayokuwa jaribio lenyewe. Lakini jopo la uchunguzi lililoongozwa na Baroness Cumberlege lilipotoa ripoti yake Uingereza mwezi Julai 2020, lilikiri kwamba hakuna aliyejua kwa hakika ni wanawake wangapi waliowekewa nyavu hizo, wala wangapi zimewadhuru. Baadhi yao walilieleza jopo kwamba hawakuambiwa kabisa kuwa wanawekewa plastiki. Mama wa namna hiyo akipata maumivu ya kinena miaka sita baadaye, ataanzaje kumwambia daktari mwingine chanzo chake?

Watetezi wa utepe wana takwimu nzito. Uchunguzi wa wanawake 95,057 wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba katika miaka tisa waliotolewa utepe, wote au sehemu, walikuwa asilimia 3.3. Kwa upasuaji wowote hiyo ni idadi ndogo, na nakubali. Ila isomwe kwa makini: inahesabu waliorudi kwenye kisu. Anayeshindwa kukaa na mumewe kwa maumivu, au aliyeambiwa ni umri tu, hamo humo. Isitoshe, nyama huota kupitia matundu ya wavu, kwa hiyo kuutoa ni kazi ngumu inayoweza kuacha jeraha jipya, na wapo wanaochagua kubaki nao. Asilimia 3.3 ni idadi ya chini kabisa. Ya juu haijulikani.

Wa upande wa pili wanasema upigwe marufuku, hadithi iishe. Mwaka 2018 England na Scotland zilisimamisha matumizi yake, na ilikuwa haki. Hata hivyo, marufuku ya kudumu inawarudisha wagonjwa kwenye upasuaji mkubwa zaidi wenye madhara yake, ama kwenye pedi na aibu. Marekani mwaka 2019 ilizuia nyavu kubwa za kizazi kilichoshuka zinazowekwa kupitia ukeni, lakini haikuzigusa tepe za mkojo. Tofauti hiyo ina mantiki, kwa kuwa plastiki ni ileile ila kiasi chake hakilingani. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka huohuo unataka kwanza mazoezi ya misuli ya nyonga yanayosimamiwa kwa miezi mitatu au zaidi. Wangapi hupelekwa moja kwa moja kwa mpasuaji bila kupitia hatua hiyo isiyo na kovu?

Kwetu, ambako baadhi ya kina mama huendelea kuvuja hata baada ya fistula kuzibwa, tepe hizi zitazidi kutajwa. Itasemwa daftari ni anasa ya matajiri. Lakini mamlaka zetu tayari husajili bidhaa, na hospitali tayari huandika jina la mgonjwa. Kinachokosekana ni mstari mmoja unaoviunganisha: nani, kifaa gani, toleo namba ngapi, nani alikiweka. Gharama yake haifiki hata sehemu ndogo ya ile ya kumtafuta mgonjwa asiyejulikana. Wakuu wa idara za upasuaji, anzeni na mgonjwa wa kesho, na mpeni nakala aende nayo nyumbani.