Kuvua ni raha, lakini jile kwanza

Siku ya posho ikifika, wachimbaji wengi wanashuka Goma kuona familia zao. Hapa Majengo tunafurahi. Na wale wanaochukua watoto na marafiki kwenda kuvua ku ziwa, badala ya kumaliza franka zote ku bar, wanafanya vizuri sana. Mutoto anaona lampe za wavuvi usiku, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja na miti mirefu, wavu katikati. Anajua sambaza ya ku sahani inatoka wapi.

Lakini kuna jambo moja halifai. Watu kumi munapanda mutumbwi wa watu watano, wote bila jile. Eti ziwa limetulia! Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua kutoka Minova ilizama karibu na Kituku, watu wakiwa wanaona nyumba za Goma kwa macho. Makumi walikufa.

Ninyi wachimbaji munajua hatari kuliko sisi. Hakuna mwenye akili anaingia ndani ya shimo lisilo na miti ya kutegemeza, ati kwa sababu jana halikuanguka. Maji ni vilevile.

Basi, kabla ya kununua kasiye ya bia, tafuteni jile kwa kila mutu, na ya mutoto iwe ya kipimo chake. Zikikosekana, kaeni pembeni na ndoano. Hata kule samaki wako. Muhimu ni kwamba lundi asubuhi kila mutoto awe ku masomo, na baba arudi ku kazi.