Kalavati Alipe Tajiri

Utingo alikuwa amelala kifudifudi juu ya magunia, mkononi kashika mti wenye panda, mrefu kama wa kuangulia maembe. Lori linakuja taratibu kwenye kibarabara chetu cha vumbi hapa Nakwa, limepakia mbaazi hadi linayumba. Kila likifika kwenye waya wa umeme unaoingia nyumba ya mtu, kijana anaunasa kwa panda, anaunyanyua juu ya kisogo chake, lori linapita, anauachia. Waya unabaki unachezacheza hewani. Alifanya hivyo nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne akachelewa. Waya ukanasa kwenye pembe ya gunia, ukavutika, ukakatika upande wa nguzo na kuanguka juu ya uzio wa jirani yangu, mama mmoja anayefuga kuku na kulea wajukuu wawili. Wajukuu walikuwa shuleni. Na kwa kuwa ulikatika upande wa nguzo, haukuwa na moto. Ungekatika upande wa nyumba, leo ningekuwa naandika tanzia.

Hatua hamsini nyuma ya lori hilo kuna kibao. Kimeandikwa, kwa herufi ambazo hata mimi bila miwani nazisoma, kwamba magari yanayozidi tani 10 hayaruhusiwi kupita. Nikamfuata dereva.

"Shikamoo mzee," akaniwahi kabla sijafungua mdomo.

"Marahaba. Kibao kile hukukiona?"

"Nimekiona, mzee wangu. Ila tajiri kasema tuingie hadi stoo."

Nilimshukuru kwa ukweli wake, na sijatania. Maana kila lori likiharibu kitu katika nchi hii, taarifa inayotoka ni ile ile: uzembe wa dereva. Hapana. Kijana yule hakuwa mzembe. Alikuwa macho, alisoma, alielewa, na utingo wake alikuwa amejiandaa na panda tangu nyumbani. Mtu anayebeba panda anajua kabisa kwamba anakwenda mahali ambapo gari lake halipaswi kufika. Ule ulikuwa mpango, na mwenye mpango hakuwepo pale. Alikuwa upande wa pili wa simu.

Wenzetu ng'ambo wana ugonjwa unaofanana na huu kwa mbali. Katika mji wa Durham, jimbo la North Carolina huko Marekani, kuna daraja la reli ambalo kwa miaka mingi lilikuwa na kimo cha futi 11 na inchi 8, yaani kama mita 3.56. Malori yalikuwa yanaingia chini yake na kuchunwa paa kama samaki anavyoparwa magamba. Mwaka 2008 jamaa mmoja mwenye ofisi jirani akaweka kamera, na dunia nzima ikaanza kucheka. Wakaweka taa, wakaweka maandishi yanayowaka, wapi. Oktoba 2019 wakalinyanyua daraja lenyewe kwa inchi 8. Malori yakaendelea kugonga. Lakini tazama tofauti: wengi wanaogonga lile daraja ni watu waliokodi gari la kuhamishia vyombo, hawajui kimo chake. Wamekosea. Wetu hawakosei. Wetu wamepiga hesabu.

Na hesabu yenyewe ni hii. Faini ya papo kwa papo kwa kosa la barabarani ni shilingi 30,000. Hapo ni kama askari yupo, na askari wa usalama barabarani hakai kwenye kichochoro cha Nakwa akisubiri mbaazi. Yupo kwenye lami. Upande wa pili wa daftari, tajiri akitii kibao, inabidi lori libaki barabara kuu na mzigo ufuatwe kwa toyo au kwa kigari kidogo, mara nne, mara tano. Mafuta mara tano. Vibarua wa kupakia wanalipwa mara mbili, kwanza stoo halafu tena kwenye lami. Siku nzima inaondoka, na soko la mbaazi halijui kusubiri. Sasa niambie, wewe tajiri, ungechagua lipi? Elfu thelathini si adhabu hapo. Ni nauli.

Huko kwenye lami tajiri huyu huyu ana adabu kama bwana harusi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya udhibiti wa uzito wa magari imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari lote, na ekseli moja yenye matairi manne isizidi tani 10. Kuna mzani, kuna kamera, kuna karatasi. Tajiri anapima, anapanga magunia, anahamisha ya nyuma kuja mbele, anahesabu kilo kwa kilo. Kumbe anajua kuhesabu! Akitoka hapo akaingia kwetu, hesabu imekwisha. Lami inalindwa kwa mzani, vumbi linalindwa kwa rangi ya kibao.

Mnaikumbuka ile kampeni ya UKIMWI iliyotuambia tubaki njia kuu, michepuko sio dili? Tuliicheka sana vijiweni. Leo ningeomba watu wa afya watuazime mabango yao, tuyasimike kila kona ya Babati, tusibadilishe hata neno.

Sisi Babati kwa bahati, au kwa balaa, tupo njia panda. Tarehe 27 Aprili 2018 Rais Magufuli alizindua lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, na kipande cha mwisho kutoka Bonga kuingia mjini kilikuwa kilomita 19.2 tu. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Aliyewahi kusafiri kwenda Kondoa na lile vumbi la zamani hatasahau. Lami hiyo ikakutana na ile ya Arusha kwenda Singida, na mji wetu ukawa kituo cha mizigo bila kuulizwa. Machi 2020, kalavati la Kiyegeya lilipokatika na kuifunga barabara ya Morogoro na Dodoma, nchi nzima ilijifunza kwamba bomba moja chini ya udongo likiondoka, mji mkuu na bandari vinaachana. Kiyegeya ilisombwa na mvua, simsingizii dereva yeyote. Naitaja kwa sababu likikatika kalavati la barabara kuu, mawaziri wanalala pale pale hadi magari yapite. La Nakwa likikatika, analala pale chura.

Njoo basi nikuonyeshe letu. Ni mabomba matatu ya zege yaliyopangwa kukatisha barabara, juu yake kifusi, kando ukuta mfupi wa mawe. Ukiinama upande wa chini unaona bomba la kati lina ufa unaoanzia juu na kushuka kama mstari wa mkono. Katika ufa udongo unachuruzika, mwembamba, kama unga kwenye gunia lililotobolewa na panya. Juu, barabarani, huoni kitu. Unaona kishimo cha ukubwa wa sahani. Wiki inayofuata ni sinia. Anayekuja usiku na bodaboda, amebeba mgonjwa, atakutana na beseni. Huo ufa hakuuleta mtu wa baiskeli.

Na kama kuna anayedhani nachochea tu, kuna watu walilipima jambo hili zamani. Kati ya 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, wahandisi wa Marekani walijenga barabara za majaribio wakawaweka wanajeshi kuendesha malori juu yake usiku na mchana. Walichokipata ndicho wahandisi wanachotumia mpaka leo: madhara hayapandi sambamba na uzito, yanapaa kwa kipeo cha nne, kwa makadirio. Kwa lugha ya gulioni, ekseli ya tani 13 haiumizi barabara kwa theluthi moja zaidi ya ile ya tani 10. Inaiumiza karibu mara tatu. Hiyo ni kwa barabara iliyojengwa na wahandisi. Ya kwetu ilichongwa na greda, ikamwagiwa kifusi, ikaachiwa Mungu.

Nani analipa? TARURA, iliyoanza kazi Julai 2017, imekabidhiwa mtandao wa zaidi ya kilomita 144,000 za barabara za vijijini na mijini, wakati TANROADS wana kama kilomita 36,000. Mwaka 2021 serikali iliongeza shilingi 100 katika kila lita ya petroli na dizeli ili hizi barabara ndogo zipate chochote. Hivyo kijana wa bodaboda pale stendi, kila akiweka lita moja, ameacha shilingi mia ya kukarabati kalavati. Mama mwenye kuku, akipanda bodaboda hiyo kwenda sokoni, naye amechangia. Tajiri kalivunja, bibi analijenga. Halafu mnauliza kwa nini nina hasira.

Tuseme na ya kwetu sasa, maana nisipoyasema mtu wa hapa atanisema. Lori halikuingia Nakwa kwa kupotea njia. Sisi tuliliita. Mkulima anataka mnunuzi afike mlangoni, kwa sababu akisogeza magunia hadi barabarani kwa toyo, gharama inakatwa kwenye bei yake. Na mwaka juzi mimi mwenyewe niliuza mahindi yangu kwa mtu aliyekuja na gari ambalo, nikiwa mkweli, lilizidi tani 10 kwa mbali. Sikukitazama kibao siku hiyo. Nilikuwa natazama mashine ya kuhesabia noti.

Tena tuna lumbesa. Kisheria gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, lakini nani asiyelijua gunia la lumbesa, lenye kilemba kilichoshonewa kamba, limevimba kama lina mimba? Mkulima analalamika, na analijaza huku analalamika. Likishajazwa gunia, linajazwa lori, nalo lori linakuwa lumbesa la chuma: kilemba juu kinachokata nyaya, tumbo chini linalopasua kalavati. Tunaibiwa kilo stoo, halafu tunaibiwa barabara njiani kutoka stoo. Wizi ule ule, magunia yale yale.

Nimechoka na vibao. Ukitaka lori lisipite, simika nguzo mbili za chuma mdomoni mwa barabara, laza boriti juu yake, andika kimo kwa rangi nyekundu. Lori likijaribu, litajua. Panda ya utingo hainyanyui boriti. Najua atasimama mtu mkutanoni aulize gari la zimamoto litapitaje. Litapita: boriti iwe na bawaba na kufuli, funguo moja kwa mwenyekiti, nyingine kwa zimamoto. Tumeweza kufunga makufuli kwenye mabomba ya maji, hili halitushindi.

Na kalavati alipe tajiri. Simsemi dereva anayelala chini ya trela na kula wali maharage kwa mkopo. Namsema mwenye mzigo. Mzigo una karatasi za ushuru wa mazao, karatasi zina jina. Akikamatwa katika barabara iliyokatazwa, mzigo usitoke hadi mhandisi amepita na kupiga hesabu ya uharibifu, na hesabu hiyo ailipe yeye, iwe milioni moja au kumi. Siku tajiri mmoja wa mbaazi atakaponunua mabomba matatu ya zege, wenzake watajifunza kusoma bila shule ya jioni. Halmashauri nayo itenge uwanja kando ya lami, watu wapeleke mzigo pale, toyo zipate kazi, lori libaki njia kuu.

Kimo nacho ni somo ambalo bado hatujalianza. Muulize dereva yeyote gari lake lina tani ngapi, atakutajia na desimali. Muulize kimo likiwa na mzigo, atacheka. Lakini treni ya umeme imeshaanza kukimbia kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu 2024, na reli ile haikutani na barabara uso kwa uso. Barabara inapita juu yake au chini yake. Waya wa mama wa kuku unanyanyulika. Daraja la reli halinyanyuliki, na juu yake kuna abiria.

Jirani yangu alikaa gizani siku tano. Mafundi walipokuja walimuuliza nani alikata waya, akawaambia lori. Lori la nani? Hakujua. Tajiri hajulikani mpaka leo, ila mbaazi zake zilifika.

Kishimo cha juu ya kalavati kimefikia ukubwa wa sinia. Tuliweka tawi la mkaratusi ndani yake ili wanaopita usiku walione. Lilikauka. Jana asubuhi nilikuta mtu kaweka jingine bichi, na pembeni yake, kwenye tope, alama za matairi ya nyuma, mawili mawili, zimelikwepa vizuri kabisa.