Tusiizibe njia ya miguu



Likizo iliyopita niliongozana na Padre kumpelekea Komunyo Takatifu bibi mmoja mgonjwa, pembezoni mwa mji wetu wa Same. Njia tuliyoizoea tulikuta imekatwa na ukuta mpya. Ikabidi tuzungukie barabara kuu iendayo Dar es Salaam, tukitembea ukingoni huku malori yakitupita kwa kasi. Mbele yetu walikuwa watoto wa shule, nao wamekosa pa kupita.

Mwenye ukuta ni muumini mwenzetu. Nilipomuuliza, alinijibu kwa upole: “Frateri, kiwanja nimekinunua, na njia hiyo haimo kwenye ramani.” Ni kweli, haimo. Hapo ndipo penye tatizo: njia iliyo miguuni mwa watu lakini haipo kwenye karatasi hufungwa siku yoyote.

Wapare tunajua kutunza cha wote. Ndiva na mifereji vilichimbwa na kusafishwa kwa msaragambo, na mfereji ukipita shambani kwako hauwi wako. Tena milima hii ni ya watu wa miguu. Januari 1945, waliopinga kodi ya mbiru walitembea kutoka milimani hadi bomani Same. Leo mama mwenye mzigo wa kuni hapati hata kichochoro.

Kumbukumbu la Torati 27:17 linamlaani anayesogeza mpaka wa jirani yake. Tumezoea kufikiria mpaka wa shamba tu, lakini njia nayo ni mpaka, na jirani anayeibiwa ni kijiji kizima. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato Si’ (2015), namba 93, alifundisha kwamba haki ya kumiliki mali binafsi ina wajibu kwa jamii. Hati ya kiwanja haifuti wajibu huo.

Tufanye nini? Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inatambua ardhi ya matumizi ya pamoja, na mkutano mkuu wa kijiji una nafasi ya kuamua. Mjini, wakati wa upimaji na urasimishaji, majirani huitwa kuonyesha mipaka. Tusikae kimya siku hiyo. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo itembelee njia zake, iziandike, na ipeleke orodha kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Parokia na seminari zianze na uzio wao wenyewe. Na anayejenga aache upana wa watu wawili kupishana, mmoja akiwa na kuni kichwani.

Sikukuu ya Ekaristi tunaandamana na Yesu njiani tukiimba. Tusimwekee ukuta siku anapopelekwa kwa mgonjwa.