Subira ya Nabii Yusuf na Fitina za Ofisini



Miongoni mwa mambo ambayo dada zetu walioajiriwa hutujia nayo, ni machache yanayowaumiza kama fitina za ofisini. Hivi karibuni dada mmoja, ambaye hatutamtaja yeye wala mwajiri wake, alitusimulia kwamba kwa majuma matatu alikesha akitayarisha ripoti ya hesabu za idara yake. Siku ya mkutano ilipofika, mwenzake aliisoma mbele ya wakuu kana kwamba ni kazi ya mikono yake. Dada yetu akanyamaza. Miezi michache baadaye nafasi ya cheo ilitokea, akapewa yule mwenzake. Naye akasikia ikinong'onwa kwamba hana bidii ya kazi, kwa kuwa kila adhuhuri huondoka mezani kwenda kuswali.

Hata hivyo, kilichomleta kwetu hakikuwa cheo. Alisema kwamba kila jioni, akivuka kwa feri kwenda Likoni, huyarudia moyoni maneno yote ya siku hiyo, na afikapo nyumbani huwa kifua kimemjaa. Jioni moja mwanawe wa miaka saba alimletea juzuu yake ili amsikilize somo la chuoni. Akamkaripia. Mtoto akaenda kusoma kwa nyanyake, na tangu siku hiyo hakurudi tena kumwomba mamake amsikilize. "Meneja sikumwambia neno," alisema dada yetu. "Nilimwambia mwanangu."

Kisha akatuuliza: je, subira si kunyamaza?

Wengi wetu tumelelewa tukidhani hivyo. Lakini tukiisoma Surat Yusuf kwa makini, twaona kwamba subira ya Nabii huyu (A.S.) haikuwa ya namna moja. Alipokwisha kuwa mkuu wa hazina za Misri, nduguze walimsingizia wizi mbele ya uso wake bila ya kumtambua. Aliyaweka moyoni, wala hakuwadhihirishia. Lilikuwa neno la kupita, nalo halikumpunguzia kitu. Lakini hapo kabla, alipokuwa gerezani na mjumbe wa mfalme akaja kumwita, hakukimbilia mlango uliofunguliwa. Alimrudisha mjumbe kwa bwana wake, ili kwanza ichunguzwe habari ya wale wanawake waliojikata mikono. Alitaka jina lake lisafike kabla hajatoka. Na haki ilipodhihiri, mfalme akamkaribisha, naye kwa kinywa chake mwenyewe akaomba asimamie hazina za nchi, akieleza kwamba ana uaminifu na ujuzi wa kazi hiyo.

Basi liko neno la kumezwa, iko tuhuma ya kudaiwa uchunguzi, na uko uwezo wa kutajwa bila ya haya. Mwenye subira ni yule ajuaye kipi ni kipi. Anayenuna kwa kila neno hujichosha bure, na anayemeza hata dhulma hutafuta pengine pa kuitapika, na mara nyingi hapo pengine ni nyumbani kwake.

Huenda msomaji akauliza kama kumshtaki mwenzake si kumsengenya. Ni kweli kwamba Surat Al-Hujurat imekataza dhana mbaya, upelelezi na usengenyaji. Lakini Imam An-Nawawi, katika Riyadhus-Swalihin, ametaja hali sita ambazo yajuzu kumtaja mtu kwa asilolipenda, na ya kwanza ni aliyedhulumiwa kupeleka malalamiko yake kwa mwenye uwezo wa kumpa haki. Tofauti, basi, i katika sikio tunalolipelekea habari. Kumweleza mkuu wa idara ni kushtaki. Kuwaeleza watu saba wakati wa chai ni kusengenya, hata ikiwa kila neno ni kweli. Na kulieleza jambo hilo hilo katika kundi la WhatsApp ni hatari zaidi, kwani maneno yaliyoandikwa kwa hasira leo yaweza kuwa mezani kwa meneja kesho. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Kwa hivyo tulimshauri dada yetu mambo ambayo twayaona yanawafaa wengi. Kazi aifanyayo aitume mwenyewe kwa barua pepe kabla ya mkutano, ili iwe na jina lake na tarehe yake. Likitokea jambo zito, aliandike siku ile ile: nini kilisemwa, na nani, na mbele ya nani. Akienda kwa mkuu wake, azungumzie kazi na ushahidi wake, wala asizungumzie tabia ya mtu. Na akipewa barua ya kutakiwa ajieleze, asiijibu usiku wa hasira, wala asiache kuijibu kwa hofu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hapa Kenya inamtaka mwajiri, kabla ya kumfuta mfanyakazi kwa kosa la mwenendo, amweleze sababu na amsikilize, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua. Na Katiba ya 2010 imekataza mtu kunyimwa ajira kwa sababu ya dini yake. Kuijua haki yako si ugomvi.

Nasi tulio nyumbani tuna sehemu yetu. Mtume (S.A.W.) amemfundisha aliyekasirika akiwa amesimama aketi, na hasira isipomwondoka alale. Mke au mume arudipo kazini uso umemkunja, tumpe nafasi ya kuketi, kutawadha na kuswali Magharibi kabla ya kumpokeza shida za nyumba. Kisha tumsikilize mpaka amalize, pasi na kumkatiza kwa kumwambia aache kazi, ilhali sote twala kwa kazi hiyo.

Dada yetu alikwenda kwa mkuu wake akiwa na karatasi zake mkononi. Cheo hakikumrudia. Ila ripoti iliyofuata aliisoma yeye mwenyewe, na juu yake pameandikwa jina lake. Lililotufurahisha zaidi ni kwamba alimwomba radhi mwanawe, na kila baada ya Magharibi sasa huketi naye mkekani, juzuu mbele yao. Mtoto, asema, bado humtazama uso kwanza kabla ya kuanza kusoma.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, azilinde ndimi zetu na dhulma, na azifanye nyumba zetu kuwa mahali pa utulivu. Amin.

Wabillahi tawfiq.