Vitabu viwili, mtoto mmoja
Mzazi wa Nachingwea au Ruangwa anayemfundisha mwanawe kusoma kabla ya darasa la kwanza huweza kuwa na vitabu viwili: cha Kiswahili chenye ba, be, bi, na cha Kiingereza. Jioni anafungua vyote. Tatizo huanzia hapo: "e" kwa Kiingereza huitwa "i", na "i" huitwa "ai". Mtoto akisoma "bibi" kama "baibai" si mjinga, amefuata alichofundishwa. Aanze na cha silabi, mpaka asome neno geni mwenyewe. Kile kingine kiwe cha picha na nyimbo kwanza. Na bibi anayesimulia hadithi kwa Kimwera asinyamazishwe (wapo wanaomnyamazisha!), maana humzoeza mtoto kusikiliza. Kuandika? Kidole na mchanga wa uani, dakika 10 tu.