Koma Moja na Ujira wa Madereva

Wapo waionao sarufi ya Kiingereza kuwa ni mchezo wa waalimu, hali wengi wetu twatia sahihi mikataba iliyoandikwa kwa lugha hiyo. Na wautazame mkasa wa madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst, katika jimbo la Maine, Marekani.

Sheria ya huko iliamuru kila saa ipitayo 40 kwa juma ilipwe mara moja na nusu, isipokuwa katika kazi kadhaa za vyakula: kukausha, kugandisha, kuweka ghalani, na mwishoni "packing for shipment or distribution", yaani kufunga kwa ajili ya kusafirisha au kugawa. Mbele ya "or" hapakuwa na koma. Je, "distribution" ni kazi peke yake, au ni kusudi la kufunga, kama "shipment"? Kampuni ilishika hilo la kwanza. Kwa hiyo mgawa maziwa hana malipo ya ziada. Madereva wakajibu kwamba kazi zote zimetajwa kwa maneno yaishiayo "-ing", bali haya mawili hayaishii hivyo. Basi yote mawili yako chini ya "packing", nao hawafungi kitu. Hoja safi kabisa!

Mwaka 2017 mahakama ya rufani iliona maneno yana utata, ikayafasiri kwa faida ya wafanyakazi, kwa kuwa sheria ya ujira iliwekwa kuwalinda. Mwaka 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Jimbo nalo limekwisha kuiandika upya sheria, likitenga kila kazi kwa nukta mkato.