Varisi ya Wapi?

Ukipewa karatasi katika hospitali, na juu yake imeandikwa neno "varices", usiikunje upesi na kuitia mufukoni. Uliza kwanza: "Varisi ya wapi?" Watu wengine wanasema kwamba mugonjwa hana kazi na maneno ya waganga, ameze dawa tu. Mimi sikubali.

Mwanamume mumoja alipewa karatasi ya namna hii kwa sababu alikuwa ametapika damu. Alipofika kwake akasomewa neno lile. Jirani akamwambia kwamba varisi ni ugonjwa wa miguu. Akatazama miguu yake, akaona ni mizuri, akacheka kwamba wamekosa, akaacha dawa. Baada ya muda alitapika damu tena, akachukuliwa usiku katika kipoyo.

Jirani hakusema uwongo. Alijua nusu ya neno. Tulilipata kwa Wafaransa na Wabelgi, nao walilipata katika Kilatini, luga ya Waroma wa zamani. Kwa Waroma, varix maana yake ni mushipa wa damu uliovimba na kupindika. Si jina la laana wala la mududu. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita jemadari wao Marius alikuwa na mishipa ya namna hii katika miguu yote miwili. Plutarko ameandika ginsi alivyotoa muguu mumoja upasuliwe, akakataa kufungwa kamba, akanyamaza kimya hata mwisho. Munganga alipotaka kuanza muguu wa pili, Marius alikataa, akasema kupona kule hakustahili maumivu makubwa hivi. Siku zile hapakuwa na dawa ya kulaza mutu usingizi kama ile ya leo, kwa hiyo mimi simucheki.

Damu inatoka katika moyo kwa nguvu, lakini ikirudi kutoka miguuni inapanda kama mutu anayepanda kilima na muzigo. Ndani ya mishipa ya kurudi kuna vilango vinavyofunguka kwa upande wa juu tu, damu isishuke tena. Fabricius, mwalimu katika mji wa Padua, aliandika kitabu juu yao katika mwaka 1603, na katika kichwa cha kitabu aliviita hivyo hivyo, vilango vidogo. Mwanafunzi wake William Harvey ndiye aliyeonyesha katika mwaka 1628 kwamba damu inazunguka katika mwili. Vilango vikilegea, damu inakaa chini na mushipa unavimba. Hiyo ni varisi ya miguu. Mama wenye mimba wanaijua, na watu wanaosimama muchana kutwa. Usiitoboe kwa wembe. Ikipasuka, lala chini, inua muguu juu, gandamiza kwa kitambaa safi, na kuita watu.

Varisi ya yule mwanamume ilikuwa mahali pengine. Damu ya matumbo inapita kwanza katika ini. Ini likiwa gumu, damu inakosa njia, inatafuta vijia vya pembeni, na kimoja ni mishipa midogo chini ya koo, karibu na tumbo la chakula. Mishipa ile haikuumbwa kwa damu nyingi hivi. Inavimba, ngozi yake inakuwa nyembamba, kiisha inapasuka. Nani anafanya ini kuwa gumu? Pombe kali inaweza, na ugonjwa wa ini wa kuambukizwa. Tena kuna kichocho cha matumbo, ambacho kimejaa kwa watu wa Ziwa Albert katika Ituri. Vidudu vyake vinatoka kwa konokono wa majini, vinaingia katika ngozi ya mutu anayeoga ao anayevua samaki, na mayai yao yanaziba ini muda wa miaka. Dawa ya prazikanteli inaua vidudu vile, nayo ina faida zaidi kabla ini halijaharibika.

Tusilaumu Kilatini peke yake. Kwetu mutu anasema "nina mushipa", na munganga hajui kama ni mushipa wa damu, ao wa kuvuta nyama, ao ngiri inayoshuka chini ya tumbo. Ngiri ikikwama bila kurudi inaweza kuua kwa siku chache. Neno letu halisemi ni mushipa gani; neno lao halisemi ni mahali gani. Kwa hiyo weka kidole chako pale panapouma, na umuombe munganga aweke chake pale alipoandika.

Na kama uliambiwa varisi ya koo, kisha ukatapika damu, ao choo chako kikawa cheusi kama lami, usingoje asubuhi. Njoo usiku ule ule, na uchukue karatasi ile mukononi.